Nipe Mji

Limi alitoa mji kabla mkono wake haujagusa kete hata moja.

Wande, mwalimu aliyemnoa tangu utotoni, alikuwa amesimama nyuma ya kamba upande wa kwao, na mwanzoni hakuyaamini masikio yake. Mashine ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kutega. Bao lilikuwa limefunguka katikati ya ulingo, kete nyeupe zimejaa mashimoni, na utepe wa chuma uliozunguka kichwa cha Limi ulikuwa umekaza kidogo tu, mkazo wa kwanza, ule wa kubisha hodi. Hapo sauti ya msichana huyo ikatoka kwenye vipaza sauti vya kingo zote mbili za mto, tulivu kama ya mwanafunzi anayeitikia jina lake darasani.

"Chukua Isalanda."

"Nimeupokea," ilisema mashine.

Watu wa mto walikuwa wameipa jina la Bibi Mtego, na wengi waliishia kuiita Bibi tu. Haikuwa na uso. Ilikuwa mnara mweusi uliosimama kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya maji, lakini walioiunda waliipa sauti ya ajuza mpole, sauti ya kusimulia hadithi.

"Wenye miguu watoke," Bibi alisema.

Wenye miguu hawakupata nafasi. Isalanda ulikuwa nyuma ya kilima tu, mji wa kuchambua pamba, na zamu ya mchana ilikuwa ndani ya vinu. King'ora kililia, kikakatika katikati. Kisha nyundo zikashuka. Hakuna aliyewahi kuziona zikiwa juu. Zilikaa huko tangu Vita vya Mto vilipokwisha, zikimsubiri Bibi azitume, na zikishuka jicho huambulia mstari tu, kana kwamba mtu amechana anga kwa wembe. Mstari wa kwanza. Wa pili. Ardhi ilimtupa Wande magotini. Kilima kikatema moshi mwekundu, kisha mweusi, kisha pamba inayowaka ikaanza kudondoka juu ya mto, vipande laini vikielea taratibu. Kimoja kilitua kwenye bega la askari aliyekuwa mbele yake. Askari akakipangusa, akakitazama kiganjani, akaona kina nywele. Akatapika juu ya viatu vyake.

"Isalanda nimekwenda," alisema Bibi kwa upole uleule. "Nimekula, nimekunywa, lakini sikushiba. Mji mdogo. Raundi ya pili nitataka mkubwa."

Kwenye safu ya askari, mmoja aliyeitwa Ngasa alitoka mstarini. "Mke wangu yuko kinuni," alisema. Hakupaza sauti, alisema kama anayemweleza karani shida yake. Kisha akainua bunduki, akamlenga Limi. Risasi ikapiga mchanga karibu na mguu wa msichana. Hakupata kufyatua ya pili. Wenzake walimrukia wakampiga kwa vitako vya bunduki, kichwani, mgongoni, tena kichwani, na hawakuacha hata mikono yake ilipoacha kujikinga. Sheria ya ulingo ilikuwa wazi: asiye mwalimu wake akimgusa mteguaji, kwa mkono au kwa risasi, mji mwingine huenda bure bila swali. Na kila mmoja wa waliompiga Ngasa alikuwa na mji wake na mtu wake huko.

Wande alilisikia fuvu likipasuka. Hakugeuka. Alikuwa akilitazama bao.

Swali lilikuwa jepesi. Hilo ndilo lililomkata maini. Zungusha kete za shimo la pembeni, ya mwisho ilale kwenye shimo tupu, basi. Limi alikuwa amelitegua swali kama lile akiwa bado ana meno ya utoto. Na mkono wake, hadi sasa walinzi walipokuwa wakifungua mlango wa ulingo ili atoke, ulikuwa bado umetulia mapajani.

*

Ndani ya hema kulinuka damu na pamba iliyoungua. Ilikuwa sasa zamu ya mteguaji wa Ng'ambo, na kelele za watu wa ukingo ule zilipanda na kushuka kwa pamoja.

Kamanda Lugendo aliingia akiwa amevua kofia. Alimzaba Wande kofi moja, la upande wa nyuma ya mkono, pete yake ikamchana shavu.

"Huyu si ndiye uliyetuambia amefika ngazi ya juu kabisa?"

"Amefika, afande."

"Alikwenda kufanya nini huko? Kutalii?"

Limi alikuwa ameketi kwenye sanduku la risasi, mikono mapajani, macho kavu. Alikuwa na miaka ishirini hivi, na alama ya utepe ilikuwa imemzunguka kichwa kama kamba iliyozama kwenye gome la mti. "Nilisikia ule mkazo, Mwalimu," alisema. "Mdomo ukafunguka wenyewe. Swali sikuwa nimeliona."

"Hukuliona vipi na lilikuwa mbele yako?"

"Sikuliangalia. Huwa siangalii."

Wande akakaa chini, kwenye vumbi.

Waliomtengeneza Bibi walikuwa wahandisi wa kingo zote mbili, watu waliochoka kuzika, waliotaka ugomvi wao wa mto umalizwe kwa kutegana badala ya vita. Walichukua mchezo ambao kila mtoto wa mto aliucheza jikoni kwa mama yake: nikutegee, ukishindwa unipe mji, nami nijisifu nimekwenda kula na kunywa huko. Walidhani aibu ingetosha. Nyundo waliziweka juu ili Bibi aheshimiwe, wakiamini kwamba hakuna binadamu angefumbua kinywa chake na kutaja mji wenye watu. Wakaongeza utepe, wa kumsukuma mteguaji atakayezubaa. Utepe hutafuta mahali akili inapokwama, ukakaza hapohapo. Ukitegua, unalegea. Ukitoa mji, unalegea.

Chuoni kwa Wande palikuwa na utepe wa mazoezi wenye gurudumu la ngazi, nyepesi chini, nzito juu, na Wande alikuwa amelisokota gurudumu lile hadi mwisho tangu mwaka wa kwanza. Alijivunia. Jembe halinolewi kwa sufi, aliwaambia walimu wenzake waliokuwa wakipandisha ngazi moja moja kama watu wanaopika uji wa mgonjwa. Wanafunzi wao walipata alama nzuri. Wa kwake walipata sufuri, na yeye aliziona sufuri zile kama jasho la mtu anayefanya kazi ya maana. Lakini juu kule hakukuwa na mtu aliyetegua kitu. Maswali yalipita uwezo wa yeyote mwenye damu. Maumivu yalikwisha kwa njia moja tu, na Limi aliipata mapema: chukua Isalanda. Aliutaja mji ule kwa sababu ndio uliokuwa karibu na ulimi. Siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, mkazo, mdomo, nafuu. Wande alidhani anamfundisha kutegua. Alikuwa amemfundisha kutoa mji, na Limi alikuwa mwanafunzi mzuri.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini mwiba huu ulikuwa umewachoma wengine.

Ng'ambo kukalipuka shangwe. Mteguaji wao alikuwa amepita.

"Raundi ya pili anataka mji mkubwa," alisema Lugendo. "Mkubwa tulionao ni mmoja, Mwashimba. Na walionusurika Isalanda wanakimbilia hukohuko."

"Basi muanze kuwatoa watu sasa hivi."

"Kuwatoa ni kukiri tumeshindwa kabla ya kucheza. Askari wangu wana wake zao kule. Wakiona barabara imejaa magodoro na mbuzi, nani atabaki kwenye safu?" Alitoa kitu mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha Wande. Ilikuwa sindano ya daktari, iliyopinda, na uzi mweusi. "Bibi anapokea mji kwa mdomo tu. Kutegua ni kwa mkono. Sheria inasema mdomo wa mteguaji usilazimishwe kusema. Haijasema lolote kuhusu kuufunga. Ningeushona mwenyewe, lakini nikimgusa, mji umekwenda. Kwa hiyo wewe."

"Afande, asipoweza kutoa mji, utepe hautalegea."

"Utalegea akitegua."

"Na asipotegua?"

"Mtu mmoja," alisema Lugendo. "Hesabu unaijua, wewe ni mwalimu." Akafungua kifuko cha bastola. "Ukimtoa hapa midomo wazi, naye akautaja Mwashimba, nitakupiga risasi wewe kwanza, kisha yeye. Mwashimba utakuwa umekwenda tayari, sitakuwa na mji mwingine wa kuuogopea."

Wande aliishika sindano. Alijua jambo ambalo Lugendo hakulijua, nalo halikumsaidia. Zamani, kabla ya Limi, kulikuwa na binti aliyeitwa Kabula, ambaye Wande alimfungia utepe bila kumruhusu kutoa mji, aone akili isiyo na mlango wa kutokea ingefanya nini. Kabula alitegua. Alitegua swali ambalo lilikuwa limewashinda walimu watatu, kisha damu ikamtoka masikioni, na hakusema tena neno hadi walipomzika. Kwa hiyo uzi ungeweza kufanya kazi. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wote. Kama ungekuwa ukatili wa kijinga, angeutupa.

"Nishone, Mwalimu," alisema Limi.

"Nyamaza kidogo."

"Siuamini mdomo wangu. Nishone, nife au nitegue. Watu wa Mwashimba hawana kosa."

Wande alimshika kidevu. Akapitisha sindano kwenye mdomo wa chini, pembeni, ikatoa mlio mdogo kama wa kutoboa ngozi ya ngoma, akaitoa juu, akavuta. Damu ikateremka shingoni. Limi hakushtuka. Hakukunja uso wala kushika mkono wa mwalimu wake. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa na mtu ndani.

Wande aliujua uso ule. Aliuona kila siku chuoni, gurudumu lilipofika mwisho, akauita ushupavu. Sasa, akiwa karibu kiasi cha kuhisi pumzi, aliona kwamba ulikuwa uso wa mtu aliyetoka nyumbani na kuacha mlango wazi. Angemshona huyu, ulingoni wangepeleka ganda. Nani angetegua?

Aliukata uzi kwa meno, akauchomoa.

"Unafanya nini?" aliuliza Lugendo.

"Nifungulie sanduku langu, afande. Ndani mna utepe wa mazoezi na bao dogo."

"Mji unawaka na wewe unataka kucheza bao na mtoto."

"Ndiyo."

Lugendo alimpiga teke la mbavu. Wande akasikia kitu kikivunjika ndani yake kama kijiti kikavu, lakini alikwishalifikia sanduku. Akamvisha Limi utepe, akalisokota gurudumu hadi chini kabisa, mahali ambapo halijawahi kukaa tangu linunuliwe; lilikwama kwa kutu, ikabidi aligonge kwa kiatu. Akapanga kete chache, swali la watoto wa chekechea.

Mkazo ukabisha hodi. Mdomo wa Limi ukafunguka.

"Chukua Isa…"

"Isalanda umekwisha," alisema Wande. "Hakuna tena. Mkono wako uko wapi?"

Limi aliutazama mkono wake mapajani kana kwamba ni wa mtu mwingine. Wande akauchukua, akauweka juu ya kete, akauachia. Vidole vikasita. Kisha vikazoa, vikasambaza, kete ya mwisho ikalala kwenye shimo tupu, na utepe ukalegea.

Limi akakunja uso. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. "Umelegea," alisema.

"Eeh."

"Sijatoa mji."

"Hujatoa."

"Tena," alisema Limi.

Wande alipandisha ngazi moja. Lugendo alimpiga tena, safari hii kwa kitako cha bastola, juu ya sikio, na hema likazunguka, lakini kamanda naye alikuwa amesimama mahali ambapo angeweza kuona bao, na baada ya swali la tatu aliacha kupiga. Limi alitegua la nne. La tano lilimkwamisha; mdomo ukafunguka, ukatetemeka, akauziba kwa kiganja chenye damu, akatazama kete, akategua. Akaanza kujiongelesha kwa sauti ya chini, hapa ndiyo, hapa siyo, huko nitarudi mikono mitupu. Wande alipandisha, akapandisha, kila mara hadi pale ambapo msichana alikunja ndita na hakupotea. Alikuwa akifanya kwa haraka ya mtu anayezima moto kazi ambayo wenzake, wale wa uji wa mgonjwa, waliifanya kwa miaka.

Walikuwa wamefika katikati ya gurudumu walinzi walipoinua pazia la hema.

"Muda," walisema.

Katikati tu. Wande alimvua utepe. Alitaka kusema neno la kumtia moyo, akakosa, kwa sababu hakuwa amewahi kujifunza hata moja.

*

"Nikutegee, mjukuu wangu?" aliuliza Bibi.

"Tega," alisema Limi.

Bao likafunguka, na watu wa kingo zote mbili wakaguna. Mashimo yalikuwa mengi kuliko raundi ya kwanza, mengine yamejaa, mengine matupu. Wande alilikagua kutoka nyuma ya kamba. Swali lile lilikuwa juu ya katikati ya gurudumu. Si juu kabisa. Juu kiasi.

Bastola ya Lugendo ilikuwa imemgusa Wande juu ya sikio, palepale alipopasuka.

Utepe ukakaza. Mabega ya Limi yakapanda. Mdomo ukafunguka, na ukingo mzima ukabana pumzi, na mkono wa Limi ukatoka mapajani ukaenda kwenye kete.

Alizoa, akasambaza. Akakosea. Utepe ukakaza tena, na damu ikamtoka puani, nyembamba, ikaingia kwenye kidonda cha sindano. Akarudisha kete, akaanza upande mwingine. Akafika mbali zaidi, akakwama. Mkazo wa tatu ulimfanya apige kelele, kelele fupi kama ya mbwa aliyekanyagwa, na akaanguka juu ya bao kwa kifua chake. Ng'ambo walianza kupiga makofi ya pamoja, taratibu, kama watu wanaosubiri chakula.

"Nipe mji," alisema Bibi. "Upumzike."

Limi akajiinua kwa viwiko. Jicho lake la kushoto lilikuwa limejaa damu, jekundu lote. Midomo yake ikakutana, ikaachana. Wande aliona herufi ya kwanza ya Mwashimba ikijikusanya pale, au alidhani ameiona. Kidole cha Lugendo kikasogea.

"Bado," alisema Limi.

Vipaza sauti vikalibeba neno lile kingo zote mbili. Makofi yakapotea.

Bibi alikuwa ametengenezwa kupokea vitu viwili, kete iliyolala mahali pake au jina la mji. Muda hakupewa wa kuhesabu. Wahandisi walidhani maumivu ni saa tosha, kwamba hakuna mtu angekaa ndani yake kwa hiari. Mnara ulivuma kwa ndani. Utepe ukakaza.

"Nipe mji, mjukuu wangu."

"Bado."

Alikuwa akizipapasa kete kwa ncha za vidole sasa, shimo kwa shimo, jicho moja limefumba. Alisambaza, akakosea, akarudisha. Wande aligundua kwamba midomo yake mwenyewe ilikuwa ikienda pamoja na ile, hapa ndiyo, hapa siyo, na kwamba hakuwa akilijua jibu. Hata yeye hakuwa akilijua.

Nyuma yake Lugendo alikuwa akipumua kwa nguvu. "Atategua?" aliuliza.

"Sijui, afande."

"Atautaja?"

"Sijui. Lakini sasa hivi hautaji."

Ilimchukua kamanda mikazo miwili zaidi kuelewa alichoambiwa. Limi alipiga magoti baada ya wa kwanza. Baada ya wa pili alitema jino, akalisukuma pembeni ya bao lisichanganyike na kete. Na kila mara Bibi alipouliza, alijibiwa neno lilelile, na nyundo zikabaki juu, na Mwashimba ukabaki umesimama na watu wake wote ndani.

Bastola ikaondoka sikioni. Wande akamsikia Lugendo akifungua simu ya upepo.

"Fungueni barabara ya kaskazini," alisema kamanda. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mwashimba watoke. Hospitali kwanza. Watoke wote, hata kwa miguu."

Simu ikakwaruza. "Kwa muda gani, afande?"

Lugendo alitazama ulingoni. Askari wa safu nao walikuwa wakitazama, na hakuna aliyekuwa ametoka mstarini.

"Mpaka huyu binti anyamaze," alisema. "Kimbieni."

Utepe ukakaza. Mgongo wa Limi ukapinda kama upinde, visigino vikachimba mchanga, na kwa muda mrefu ikasikika sauti ya meno tu. Kisha mkono wake ukajikokota juu ya bao, ukapata shimo lililojaa, ukazoa.

"Nipe mji," alisema Bibi.

"Bado, Bibi," alisema Limi, na akaanza kusambaza.